Maghala Manane ya Mama

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na presha iko mahali pake, ingawa najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha itapanda kidogo. Mimi sijambo. Kikohozi kimeisha, ila chumba nilichopanga kinavuja upande wa kitanda, kwa hiyo nimehamishia kitanda upande wa jiko.

Nimekupigia simu tangu harusi ya mdogo wangu, kidole kimechoka. Dada Tiketi wa pale uwanja wa ndege ndiye aliyenieleza ulivyoapa mbele yake: aliyekataa kuja harusini kwa simu, asikuongeleshe tena kwa simu. Haya, Mama, naandika. Barua nampa mhudumu wa ndege, yeye anampa Dada Tiketi, naye anakuletea mlangoni.

Nina habari kubwa. Ofisi yetu imepewa kazi ya kupanga ardhi yote inayouzunguka uwanja wetu wa ndege. Wanataka ukanda wa uchumi: maghala ya mizigo, vyumba vya baridi vya mboga, karakana, hata hoteli ya abiria. Na upande wetu wa uzio, kuanzia kwa Jirani Redio mpaka barabara kuu, nimekabidhiwa mimi! Tunachora kwa kutumia picha iliyopigwa kutoka angani.

Sasa Mama, hongera! Ulipoandika kwenye ile kadi ya mwaka mpya kwamba "siku hizi kwetu si kule unakokujua, ukija utapotea", nilidhani ni hasira tu. Kumbe kweli. Nimeona mapaa manane makubwa, meupe pee, yamepangana kutoka kibanda cha kuku mpaka barabarani. Ulijenga lini? Nyumba yetu sikuiona, nikajua umeivunja. Nilienda kulia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini nikaandika kwenye ramani: maghala yaliyopo, manane. Mkurugenzi wetu alifurahi karibu anibebe, maana kila mtu alikuwa anauliza mwekezaji atafuata nini mahali ambapo hakuna kitu.

Lakini ungeniambia, Mama. Hata kama umenuna.

Mwanao wa kwanza


11 Februari

Kwako mwanangu mwenye shughuli nyingi,

Marahaba. Mimi ni mzima, goti ndilo lenye maneno yake, hasa nikipanda ngazi kufunga kamba. Kuku wote wazima isipokuwa yule mwekundu, ambaye alijitia ubingwa mbele ya lori.

Simu yako sijaipokea na sitaipokea. Mtu anapiga simu wageni wameshakaa, bwana harusi yuko njiani, anasema "Mama, kazi imebana, siji." Ningekuwa na moyo mdogo ningeanguka pale pale kwenye keki.

Tuje kwenye mambo yako. Maghala gani?

Nauliza kwa sababu wiki iliyopita walikuja vijana wawili wamevaa vile vizibao vinavyong'aa. Wakaniamkia vizuri, nikawapa maji. Mmoja akasema, "Mama, tuonyeshe maghala yako." Nikamwambia, mwanangu, nina kibanda cha kuku na stoo ya viti. Wakaitazama ramani, wakanitazama mimi, wakaigeuza ramani juu chini. Wakazunguka uwanja mzima. Mmoja alichungulia chini ya meza. Sasa ghala litakaa chini ya meza? Mwishowe wakapigilia kigingi mbele ya mlango wangu wa jikoni, na vingine huko na huko, wakaondoka. Jirani Redio alisoma begani kwa mmoja wao, anasema wameandika "mmiliki hatoi ushirikiano". Mimi! Niliyewapa maji ya baridi!

Kazi yangu unaijua, imekusomesha. Ninakodisha maturubai na viti vya sherehe na misiba. Sijajenga kitu. Na nyumba ipo, mwanangu. Ndani yake ndimo ninamokuandikia. Picha yako ya mahafali ipo ukutani pale pale, ila nimeigeuza itazame ukuta.

Hiyo kadi ya mwaka mpya niliiandika nimekasirika. Nilitaka uone wivu kidogo. Sikusema uandike kwenye ramani ya serikali!

Kama picha unayo, nitumie niione.

Ni mimi mama yako


18 Februari

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Picha ndiyo hii, nimeikunja ndani ya gazeti. Ni mali ya ofisi, tafadhali usimwonyeshe mtu yeyote, na hasa usimwonyeshe Jirani Redio.

Sisi kwetu ni pale penye duara la kalamu nyekundu. Hesabu mwenyewe.

Mwanao


25 Februari

Mwanangu,

Mimi ni mzima lakini mbavu zinauma kwa kucheka. Usiniulize kama nimemwonyesha mtu. Alikuwepo Jirani Redio, alikuwepo mdogo wako na mumewe, alipita na Dada Tiketi mwenyewe aliyeleta bahasha, sasa ningemfukuza?

Nilivaa miwani. Nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Mdogo wako akaanza kupiga kelele, "Mama! Si harusi yangu hii!"

Ndiyo hiyo. Hayo maghala yako ni maturubai yangu, mwanangu. Siku ile niliyatoa yote manane, jambo ambalo sijawahi kufanya, maana siku zote huwa yako kwa watu. Nikasema leo hayaendi popote, leo yako kwangu. Hilo la kwanza kushoto ni la jikoni. Hilo lililopinda kidogo kama mtu mwenye bega bovu ni lile ambalo nguzo yake uliivunja wewe ukiwa darasa la sita, ukibembea ilhali nimekukataza. Ile nukta nyeusi njiani ni lori la mjomba wako, lilizimika pale pale, gari la bwana harusi likashindwa kupita, ikabidi aje kwa miguu na viatu mkononi. Doa la kahawia karibu na uzio sisi tunasema ni mjomba wako mwenyewe amelala chini ya lori. Redio anasema ni mbuzi. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Nyumba uliitafuta wapi? Iko chini ya turubai la nne. Tulilifunga kwenye paa ili wazee wasipigwe jua. Unajua kabisa siku ya ndege huwa sisimamishi turubai upande ule, maana ndege ikigeuka kule mwisho inatupulizia upepo mpaka sufuria zinatembea. Lakini siku ile haikuwa siku ya ndege. Tuliichagua makusudi.

Kwa hiyo harusini ulikuja, mwanangu. Ulikuja kwa juu, ukatutazama wote tumekaa, ukaandika ghala.

Nilikuwekea kiti mbele, karibu na changu, nikakifunga utepe. Nilikaa karibu nacho mchana kutwa na kila aliyetaka kukikalia nilimfukuza. Nimekitafuta kwenye hii picha kwa miwani na bila miwani, hakionekani. Kiko chini ya turubai.

Redio anakusalimia. Anauliza yeye umemwandika nini.

Mama


3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Nimeisoma barua yako ofisini, nikacheka, kisha nikafika pale kwenye kiti, ikabidi nijifanye nimeingiwa na kitu jichoni.

Mama, hili jambo si la kuchekesha tena. Ngoja nikueleze. Mpango wote umechagua upande wetu wa uzio kwa sababu ya hayo maghala. Ng'ambo ya njia ya ndege kuna ardhi ya serikali, mawe matupu, hakuna mtu. Nilitaka iwe kule. Mkurugenzi akasema hapana, twende kule ambako biashara imeshaanza yenyewe. Na kwa kuwa nimeandika maghala, hakuna makazi. Mpango ukipitishwa, tingatinga linasafisha kila kitu ambacho si ghala, na mwenye nyumba analipwa na kupewa kiwanja kingine endapo nyumba yake imo kwenye ramani. Yetu haimo. Ya Redio nimeifanya maegesho ya malori.

Niliichora mimi, Mama. Kwa mkono wangu. Nyumba nilimozaliwa.

Nimejaribu kumwambia Mkurugenzi. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo akaniambia nisiwe mnyenyekevu, kazi ni nzuri. Mara ya pili aliniita mbele ya watu nipigiwe makofi. Tarehe 21 anakuja huko kwa ndege na wawekezaji watatu kuyaona maghala kwa macho, na mimi nimo. Nikisema, nadhani kazi imekwenda. Nisiposema, nyumba imekwenda. Usingizi sina.

Nipe muda nitafute njia. Wewe usifanye kitu. Nakuomba, Mama, nakujua: usifanye kitu chochote.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Salamu za hapa ni nzuri, ila leo sina mzaha mwingi.

Tuliitwa kwenye mkutano wa wadau, ukumbi wa shule. Kuingia tu nikashikwa mkono, nikapelekwa safu ya mbele, nikapewa kiti chenye mto na chupa ya maji iliyobandikwa karatasi: MWEKEZAJI. Redio alikaa nyuma kwenye benchi akinitolea macho kama nimemuibia mume. Nikajisemea, hebu tuone uwekezaji unakaaje. Unakaa vizuri. Ule mto ni mlaini.

Yule mkurugenzi wako naye alikuja kwa gari, akaishia pale pale shuleni, yule mwenye tai inayofika mpaka kitovuni. Akaonyesha ramani ukutani. Redio akanyoosha mkono, akasema, "Baba, mimi nakaa hapo kwenye malori." Bwana Tai akamjibu kwa upole kwamba kwa mujibu wa utafiti, eneo lile halina wakazi. Redio akauliza, "Sasa mimi ninayelala hapo ni nani?" Akaambiwa aandike.

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nimecheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikashika komeo la mlango, na kicheko kikaisha hapo hapo. Ukuta huu marehemu baba yako aliuinua mwenyewe, jioni jioni akitoka kazini, na ule upande wa chumba chenu ulipinda kwa sababu nyinyi mlikuwa mnamtania akapoteza mstari wa kamba ya kupimia. Sitaki kiwanja kingine. Nitafanya nini na kiwanja kingine?

Lakini pia nimekusomesha kwa maturubai, mvua na jua, kwenye vilio vya watu nisiowajua. Kazi yako nayo ni nyumba yangu. Siwezi kukaa nikatazama wanakufukuza mbele ya watu kwa sababu ya kadi ya mwaka mpya niliyoiandika kwa kisirani.

Basi tulia. Usimwambie Bwana Tai kitu chochote. Anataka kuona mapaa manane? Mama yako ana maturubai manane. Mambo ya nyumba tutayamaliza baadaye, hatua kwa hatua.

Mama


15 Machi

MAMA,

Shikamoo. USISIMAMISHE TURUBAI HATA MOJA.

Nimeshaamua. Nitamwambia ndani ya ndege, ambako hawezi kutoka nje wala kuniitia watu wa kupiga makofi. Akifika akakuta uwanja mtupu na nyumba imesimama, ataamini. Akikuta maturubai nitaonekana nimerukwa na akili.

Nimepiga simu leo tangu asubuhi. Mdogo wangu kasafiri kwa wakwe, hapatikani, na Redio anakata simu, eti naye umemwapisha. Kiapo kitu gani, Mama? Pokea simu. Mara hii moja tu.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumai umzima. Sisi tu wazima na tumechoka vizuri.

Wiki hii sina barua yako. Dada Tiketi anasema ndege ya juzi ilizunguka juu ya ukungu, ikashindwa kutua, ikarudi kwenu na mizigo yake yote. Sijali. Najua ungeandika "asante Mama".

Yamesimama yote manane! Nimeyafua kwa sabuni na brashi, yanawaka mpaka macho yanauma. Nimeyapanga vile vile kama kwenye picha, Redio ameshika picha akinielekeza, "Sogeza kushoto! Hilo lenye bega bovu lirudi nyuma!" Mjomba wako amelileta lori na kulizima pale pale ili pasipungue kitu. Tulimwomba alale chini yake, amekataa.

La nne nimelifunga kwenye paa, nyumba haionekani kabisa. Kesho ni siku ya ndege, najua, ila ndege ikishatua si itazima moto. Na nimebana kila kona. Vigingi vyangu havikutosha, nikang'oa vile vya wapimaji. Vifupi kidogo, lakini ni vya serikali, vitakuwa madhubuti.

Simu yangu imelia siku nzima na jina lako. Nimeizima nisije nikavunja kiapo kwa bahati mbaya.

Barua hii anayo Dada Tiketi, atakupa ukishuka. Ukinikuta nje, usiniite mama. Niite Mwekezaji.

Mama


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, chumba kinavuja, mimi ni mzima wa mwili.

Tulivyoagana palikuwa na watu wengi, kwa hiyo kuna upande wa ile siku huujui. Acha nikusimulie.

Nilikaa kiti cha jirani na Mkurugenzi, yeye dirishani. Ndege ilipoanza kushuka nikasema, "Bosi, yale si maghala. Ni maturubai ya mama yangu. Yalikuwa ya harusi, na harusi iliisha mwaka jana. Pale ni nyumbani kwetu." Nilisema yote kwa pumzi moja. Akanitazama. Akatazama dirishani. Na huko chini, Mama, yakatokea! Manane! Meupe pee! Akayahesabu kwa kidole kwenye kioo, moja moja, akanigeukia kwa huruma kabisa, akaniambia, "Binti, umefanya kazi sana." Akanipa peremende. Akamwambia mhudumu aniletee maji.

Nikashuka. Dada Tiketi ananipa bahasha, nasoma "niite Mwekezaji", nikatamani kurudi ndani ya ndege.

Halafu wewe, pale langoni, umevaa kilemba cha harusi. "Karibuni maghalani!" Yule mama mwekezaji mwenye fimbo akakuuliza unahifadhi nini, nawe bila kupepesa ukasema, "Kwa sasa tunahifadhi kivuli." Mkurugenzi akaandika! Mama, niliuona ule ukurasa, ameandika kivuli!

Kitu ambacho wote tulisahau ni kwamba ile ndege haikuwa inalala. Ilikuwa inaendelea na safari. Nilipoisikia inakwenda kugeuka kule mwisho nilikutazama, nawe ukanitazama, nikajua tumewaza kitu kimoja: vile vigingi. Ule upepo ulipokuja, la kwanza likatikisika, la pili likatikisika, na la nne likajaa tumbo, likapanda na kamba zake na vigingi vya serikali vikining'inia, likampita Mkurugenzi na tai yake, likaenda kulala juu ya lori la mjomba. Na nyumba yetu ikatoka pale, na mlango wake wa kijani na nguo zako za ndani kwenye kamba.

Mkurugenzi akauliza, "Na hiyo ni nini?"

Nilikuona ulivyofungua mdomo. Nakujua, Mama. Ulitaka kusema stoo. Ungeikana nyumba ya baba mchana kweupe ili mimi nisifukuzwe. Ndiyo maana nilikuwahi nikapiga kelele vile, samahani, sikukusudia kumpigia kelele Mkurugenzi. Lakini sikuona njia ya kusema "hapo ndipo nilipozaliwa" kwa sauti ndogo.

Basi, matokeo. Nimepewa barua ya onyo, kali, ina mihuri miwili. Kazi ninayo bado, kwa sababu yule mama mwenye fimbo, aliyecheka ndege nzima ya kurudi jioni, alisema siku ile ile kwamba yeye hataki kujenga kwa kuhamisha watu halafu akae mahakamani miaka, akaomba aonyeshwe ng'ambo, kule kwenye mawe. Wenzake wakamfuata. Mpango unahamia kule. Mkurugenzi sasa anasema lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Mwache.

Ramani zote zinaanza upya. Hawaiamini tena ile picha, kwa hiyo wanapiga nyingine, ndege ndogo itapita juu ya eneo lote tarehe 19 Aprili. Nyumba itaonekana.

Nilitaka kukaa zaidi siku ile. Wewe unajua tuliitwa garini kwenda kuona mawe, kisha moja kwa moja kwenye ndege. Sikupata hata kuingia ndani.

Mwanao


3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepona kwa zile mbio za kufukuza turubai. Daktari anasema haiwezekani, nimemwambia aje aone.

Kwanza, zile nguo hazikuwa zangu, zilikuwa za Redio, alianika kwangu kwa sababu maegesho yake ya malori yana vumbi. Anaomba urekebishe.

Pili, na wewe kuna upande huujui. Wenzako walipokwenda kuona mawe, Bwana Tai alibaki nyuma. Alikaa kwenye kiti, chini ya lile lenye bega bovu. Nikamwonea huruma, nikampa chai. Akanywa, akaniuliza, "Mama, kwa nini ulifanya hivi?" Nikamwambia, wewe hujawahi kuwa na mtoto wa kwanza? Akasema anaye, hawaongei. Nikamwambia amwandikie. Kisha akauliza maturubai manane kwa siku ni bei gani, maana watakuwa na sherehe ya kuweka jiwe la msingi kule ng'ambo. Nimempa bei ya serikali. Bado anajikuna kichwa.

Ndiyo, stoo. Nilitaka kusema stoo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Usidhani lilikuwa jepesi. Uliponiwahi nilikasirika kwa dakika moja, halafu nikaingia jikoni nikalia mpaka nikashiba. Tangu wakati huo picha yako ya mahafali inatazama chumbani kama kawaida. Kioo nimekifuta.

Sasa sikiliza. Hiyo picha mpya ya tarehe 19. Maturubai yatakuwa stoo, yote, yamekunjwa. Kuku nitawafungia. Lori la mjomba wako nimelipiga marufuku. Nitatoa viti viwili tu, niviweke mbele ya mlango, nje kabisa, mahali pasipo na kivuli. Kimoja ni changu. Kingine nitakifunga ule utepe, ninao bado.

Ulitukosa kwenye picha ya kwanza. Ya pili sitaki unione kwa juu. Kiti kikibaki kitupu, nyinyi watu wa ofisi mtakiandika nini sijui, kisima labda.

Simu nimeiwasha. Nitapokea. Ila kama ni ya kuniambia huji, piga kwa Redio, mimi usinipigie.

Mama


29 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na chakula ulichonifungia kimeliwa na ofisi nzima, Mkurugenzi akiongoza. Jua la siku ile limenibabua pua. Hujambo wewe? Najua nimekupigia jana na juzi, lakini hili nilitaka ulipate kwa barua, uliweke.

Picha imekuja leo. Nyumba ipo. Inaonekana vizuri, na ule upande wa chumba chetu umepinda vile vile, hata kutoka juu huko. Nimeandika MAKAZI kwa mkono wangu, kisha nikaandika MAKAZI kwa Redio, herufi kubwa kuliko zote ili asiniandame.

Mbele ya mlango kuna nukta mbili, zimekaribiana sana. Ya kushoto ina mkia. Mwenzangu wa meza ya pili anasema ule mkia ni uchafu kwenye picha, anataka kuufuta. Nimemwambia akiugusa tutakosana. Tuliambiwa tutulie, tusitazame juu, nawe ukampungia rubani mkono.

Nimeiacha kama ilivyo. Imo kwenye ramani ya serikali, Mama, na mimi nimo pembeni yako.

Mwanao wa kwanza